Viazi lishe, maharage ya chuma na mahindi ya rangi ya machungwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekulia Kanda ya Ziwa, kwenye nyumba ambayo viazi vitamu vilikuwa chakula na michembe, yaani vipande vyake vilivyokaushwa, ilikuwa akiba ya kiangazi. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitembea vijijini na mafungu ya marando (mashina ya kupandia) ya viazi lishe, vile viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Kila nikikaa chini ya mwembe na akina mama, au nikisubiri kwenye benchi siku ya kliniki ya watoto, maswali huwa yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, yakiwa marefu pale ninapoona watu hukwama zaidi.

Mazao lishe ni nini hasa?

Ni mazao yale yale tunayokula kila siku: viazi vitamu, maharage, mahindi, mihogo, mpunga, ngano, uwele. Tofauti iko kwenye mbegu. Watafiti wamechagua na kuzalisha mbegu ambayo mmea wake wenyewe unaweka vitamini au madini mengi zaidi ndani ya kiazi au punje. Hakuna kinachochanganywa kiwandani wala kinachonyunyizwa baada ya kuvuna. Mama akichimba kiazi, kirutubishi kimo tayari. Kitaalamu kazi hii huitwa urutubishaji wa mazao kibaiolojia, lakini shambani watu husema tu "mbegu lishe", na hilo linatosha.

Vinavyolengwa zaidi ni vitatu: vitamini A, madini chuma na zinki. Viazi vitamu, mahindi na mihogo ya njano hubeba vitamini A. Maharage na uwele hubeba chuma. Mpunga na ngano huongezewa zinki, na kwa mpunga Bangladesh ndiyo iliyotangulia kutoa mbegu ya aina hiyo kwa wakulima, mwaka 2013.

Watu wa kwetu wanakula na kushiba. Huo utapiamlo unatoka wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu anayeuliza kwa kawaida ana mahindi ghalani na hadanganyi. Mtoto wake anashiba kweli. Lakini ugali wa sembe ya mahindi meupe hauna vitamini A ya kusema, na kukoboa kunaondoa sehemu kubwa ya chuma na zinki iliyokuwepo. Mtoto akila ugali huo asubuhi na jioni, na mboga kidogo ya kuchovya, tumbo linajaa huku mwili ukikosa vitu vinavyohitajika kwa kiasi kidogo sana lakini kila siku. Watu wa lishe huiita hali hii njaa iliyofichika. Mtoto halii njaa. Anaugua mara kwa mara, harefuki, na darasani anasinzia.

Tazama Tanzania. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta mtoto mmoja kati ya watatu walio chini ya miaka mitano ana upungufu wa vitamini A. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 59 ya watoto wa umri huo na asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Udumavu kitaifa ulikuwa asilimia 30. Sasa tazama mikoa: Iringa asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa inayolisha nchi mahindi! Mtu akiniambia utapiamlo ni shida ya wasio na chakula, huwa namwomba afikirie Iringa kwanza. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo magonjwa, maji machafu, mzigo wa kazi wa mama na namna ya kulisha mtoto. Lakini sahani yenye kitu kimoja tu ni mojawapo, na ndiyo tunayoweza kuigusa kwa mbegu.

Si afadhali watu wale nyama, mayai, maziwa na matunda?

Ni afadhali, tena sana. Maini, dagaa, mayai, maziwa, papai, maembe, mchicha, maboga: kama unavyo, kula. Ndugu zetu wa Kigoma, Burundi na mashariki ya Kongo wana mawese, na yale mawese mekundu ambayo hayajasafishwa kiwandani yamejaa betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Tatizo ni kwamba maembe yana msimu na nyama ina bei. Familia yenye kipato kidogo, bei ikipanda, haipunguzi ugali. Inaacha yai, inaacha maziwa, inaacha tunda. Chakula kikuu ndicho kinachobaki mezani siku mbaya, na ndiyo maana tunataka virutubishi viwe humo. Mbegu lishe hazichukui nafasi ya mboga na matunda, na yeyote anayekuuzia marando akakwambia sasa uache kununua dagaa, usimsikilize.

Lakini watoto wanapewa matone ya vitamini A, na unga wa dukani umeongezwa virutubishi. Kwa nini tuhangaike na mbegu?

Matone yaendelee. Kila mtoto wa miezi 6 hadi 59 anastahili kuyapata mara mbili kwa mwaka, na Tanzania hutolewa Juni na Desemba pamoja na dawa za minyoo. Yameokoa maisha. Ila siku ya matone mtoto anaweza kuwa kwa bibi yake kijiji cha pili, au mvua imekata barabara.

Unga na mafuta ya viwandani vimewekewa sheria ya kuongezwa virutubishi, Tanzania tangu 2011 na Kenya tangu 2012. Hiyo inamfaa sana anayenunua dukani. Mkulima wa Misungwi au wa Busia anasaga mahindi yake mwenyewe kwenye mashine ya kijiji, na unga huo haupiti kiwandani. Huyo ndiye tunayemfikiria. Akishapata rando la kiazi lishe ni lake. Mwakani hahitaji gari la mtu yeyote lifike kwake, mradi asilipoteze.

Hivi viazi vya rangi ya karoti ni GMO? Mbona watu wanasema vimechomwa sindano?

Hapana. Havikuchomwa sindano, havikuchovywa rangi, na havikutengenezwa kwa kubadili vinasaba maabara. Ni uzazi wa kawaida wa mimea: ua la kiazi hiki linachavushwa na chavua ya kingine, kwa mkono au kwa nyuki, mbegu zinapandwa, miche inachambuliwa msimu baada ya msimu, na inayofaa inabaki. Ni kazi ya miaka mingi. Viazi vya rangi ya machungwa vimekuwepo tangu zamani huko Amerika, kiazi kitamu kilikotoka. Ila vya huko vilikuwa majimaji na vilishindwa na magonjwa ya huku. Kazi ikawa kuoanisha rangi ile na ugumu wa viazi vyetu.

Katika hili Uganda inastahili heshima. Dk. Robert Mwanga na wenzake wa kituo cha utafiti cha Namulonge walitoa mbegu za viazi lishe mwaka 2007, zikiwemo Vita na Kabode, na mama yao ni kiazi cha wenyeji kiitwacho Kakamega. Yaani hicho unachokiona kigeni ni mtoto wa kiazi cha hapa hapa. Mwaka 2016 Mwanga alipewa Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade aliyefanya kazi hiyo Msumbiji, Jan Low na Howarth Bouis. Bouis ndiye aliyeanzisha HarvestPlus, mpango uliosukuma mazao lishe ulimwenguni tangu 2003.

Kuna zao moja linalochanganywa na haya: mchele wa dhahabu. Huo ndio uliobadilishwa vinasaba maabara ili punje iwe na betakarotini. Ufilipino iliruhusu ulimwe mwaka 2021, na mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya huko ikasimamisha. Ni habari nyingine kabisa, na haivihusu viazi lishe.

Kuna ushahidi kwamba vinasaidia, au ni maneno ya miradi?

Upo. Zambezia, Msumbiji, watoto wa kaya zilizopewa marando na mafunzo ya lishe walipimwa damu, na kiwango chao cha vitamini A kilipanda kuliko cha watoto wa vijiji visivyofikiwa. Matokeo hayo yalichapishwa 2007. Baadaye, katika nchi hiyo hiyo, ilionekana kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliokula viazi hivi walipungukiwa na uwezekano wa kuharisha kwa takriban asilimia 40. Vitamini A hulinda utando wa utumbo, kwa hiyo jambo hilo halikuwashangaza madaktari, ila mama yeyote aliyewahi kukesha na mtoto anayeharisha anajua uzito wake.

Kwa maharage, jaribio ninalolitaja kila mara ni la Rwanda, mjini Huye, ambako wanafunzi wa kike wa chuo kikuu waliokuwa na upungufu wa chuma walikula maharage lishe kwa siku 128. Wenzao walikula maharage ya kawaida. Waliokula maharage lishe damu yao iliongezeka zaidi, na hata majaribio ya kumbukumbu na umakini waliyafanya vizuri zaidi. Siku 128 ni kama muda wa msimu mmoja wa kilimo.

Mtoto wangu ale kiasi gani?

Kiazi kimoja cha wastani, cha uzito wa gramu 125 hivi, chenye rangi iliyokolea, kinatosha mahitaji ya vitamini A ya mtoto wa chini ya miaka mitano kwa siku. Cha ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, basi. Rangi ndiyo kipimo chako: kadiri ilivyokolea, ndivyo vitamini ilivyo nyingi. Kiazi cha njano iliyopauka ni kizuri kwa kushiba ila kisikudanganye.

Anayeanza chakula akiwa na miezi 6 mpondee kiwe laini, mchanganyie maziwa ya mama au kijiko cha karanga zilizosagwa. Mafuta ni lazima, hata kidogo, kwa sababu betakarotini haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Karanga, tui la nazi, alizeti, mawese, chochote ulicho nacho. Chemsha na maganda yake, ufunike sufuria, menya baadaye.

Mbona ni majimaji? Wazee wanakataa.

Malalamiko haya ni ya haki. Mtu mzima wa kwetu anataka kiazi kikavu chenye unga, kinachokukaba kidogo mpaka utafute maji. Mbegu za kwanza zilizoletwa zilikuwa laini mno, na kusema kweli baadhi yetu tuliwalazimisha watu mbegu ambazo sisi wenyewe tusingezila. Kosa hilo lilitugharimu imani ya watu. Nimeona shamba zima likilishwa ng'ombe.

Siku hizi zipo zenye unga. Ejumula ni kavu, tamu, na rangi yake imekolea. Tatizo lake ni udhaifu mbele ya virusi. Kabode ni mvumilivu zaidi. Tanzania kuna pia Mataya na Kiegea. Ushauri wangu ni mmoja: kabla hujapanda shamba, omba viazi vitatu vya kila aina, chemsha, kaa na wote wa nyumbani, mle. Watoto karibu wote watachagua laini, wazee watachagua kavu. Panda zote mbili, na usisahau kuacha matuta mawili ya kiazi chako cha zamani. Hakuna aliyesema ukifukuze.

Nikitengeneza michembe au matobolwa, vitamini inabaki?

Inategemea unavyoanika. Kwa msomaji asiye wa Usukumani: michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kukaushwa, matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Vyote viwili huwa chakula cha miezi ambayo shamba halina kitu.

Jua kali ni adui wa betakarotini. Mama mmoja upande wa Sengerema alinionyesha nyungo mbili. Viazi vilikuwa vya shina moja, alivikata siku moja. Vya kwanza alivianika juu ya jiwe kama alivyofundishwa na mama yake, kutwa nzima, siku nne. Vya pili aliviweka juu ya kichanja chini ya mti, penye upepo, akavifunika kwa kitambaa chepesi. Vya juani vilikuwa vimegeuka rangi ya majani makavu. Vya kivulini bado vilikuwa na wekundu wa ganda la chungwa. Hakuwa na kipimo chochote zaidi ya macho yake, na macho yalimtosha. Kata vipande vyembamba ili vikauke haraka, anika kivulini penye hewa, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga, na ule ndani ya miezi michache. Ukikaa navyo mwaka mzima, vitakuwa vya kushibisha tu.

Na majani, yaani matembele, usiyatupe. Ni mboga yenye vitamini yake, hata kama kiazi chako ni cheupe.

Maharage ya chuma nitayatambuaje sokoni?

Hutayatambua kwa macho. Chuma hakina rangi kwenye punje, na hapa ndipo maharage yanapotofautiana na viazi. Maharage ya kawaida huwa na miligramu 50 hivi za chuma kwa kilo. Watafiti walijiwekea lengo la 94. Muuzaji akikuambia "haya ni ya chuma kwa sababu ni mekundu", mwambie hapana. Njia ya uhakika ni kununua mbegu kwa jina lake kutoka kwa anayeaminika. Kenya ulizia Nyota, Angaza au Faida, zilizotolewa na KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Nyota imependwa kwa kuwa inakomaa mapema, inaiva haraka jikoni na haijazi tumbo gesi. Tanzania waone TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Selian, Arusha, au cha Uyole, Mbeya. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo nako zipo mbegu zake. Ukishaipata unaweza kujiwekea mbegu yako mwenyewe msimu hadi msimu, mradi usiichanganye gunia moja na maharage mengine.

Halafu kuna chai. Hili nalisema hata likichukiza watu. Sahani ya wali maharage na kikombe cha chai ya rangi pembeni ni kazi inayobomolewa papo hapo, kwa sababu majani ya chai yana kitu kinachofunga chuma kisifyonzwe. Kunywa chai yako saa moja au mbili baadaye. Kwenye maharage kamulia ndimu, au kula na nyanya mbichi, kachumbari, chungwa, kwa kuwa vitamini C hufungua mlango wa chuma. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya.

Kama una kizunguzungu, moyo unaenda mbio, au kiganja cha mtoto kimekuwa cheupe, nenda kituo cha afya kwanza. Upungufu wa damu unaweza kuletwa na malaria, minyoo au seli mundu, na hayo hayatibiwi kwa maharage.

Na mahindi ya njano? Yale si chakula cha msaada?

Kumbukumbu hii ni ya kweli, wala si ujinga kama wengine wanavyosema. Waliokuwepo Tanzania miaka ya sabini na themanini wanaukumbuka unga wa yanga (wa mahindi ya njano) na bulga (ngano iliyovunjwa), na foleni zake. Kenya wanayakumbuka mahindi ya njano ya ukame wa 1984. Yalisafiri baharini muda mrefu, mengine yalifika na harufu. Mtu aliyekula hivyo akiwa mtoto, ukimwekea ugali wa njano mezani, unamrudishia njaa ya wakati ule. Huwezi kumwambia "ni vitamini" akasahau.

Mahindi lishe ya vitamini A ni rangi ya machungwa, imekolea kuliko ile njano. Zambia, ambako watu wanakula nshima nyeupe kama sisi tunavyokula ugali, ilitoa mbegu zake mwaka 2012 na wakazinadi kwa rangi hiyo ya machungwa ili zisifananishwe na msaada. Nadhani walifanya jambo la busara. Mimi huanza na mahindi ya kuchoma: muhindi wa rangi ya machungwa juu ya jiko la mkaa, na watoto hawana kumbukumbu mbaya. Uji wao unafuata. Ugali wa baba uje mwisho.

Mambo mawili ya kujua: mbegu nyingi za mahindi haya ni chotara, hivyo utanunua kila msimu, na vitamini hupungua ghalani, kwa hiyo weka punje, usisage unga wa miezi mitatu kwa mkupuo.

Mbolea haiwezi kufanya kazi hiyo?

Kwa madini, inaweza. Udongo ukiwa maskini wa zinki, mmea hauna pa kuitoa. Uturuki iliongeza zinki kwenye mbolea ya ngano ikapata mavuno na virutubishi kwa pamoja, na Finland imekuwa ikitia madini ya seleni kwenye mbolea zake tangu miaka ya themanini. Vitamini haiwekwi kwa mbolea, kwa sababu mmea huitengeneza wenyewe.

Nikila viazi lishe kupita kiasi nitadhurika? Mjamzito je?

Mwili hugeuza betakarotini kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Ukila vingi sana kwa muda mrefu, viganja vinaweza kuwa na unjano kidogo, ambao huisha wenyewe. Mjamzito ale bila wasiwasi. Anachotakiwa kujihadhari nacho ni vidonge vya vitamini A vya nguvu nyingi bila ushauri wa kliniki, na maini kila siku. Mwenye kisukari akumbuke kwamba kiazi, hata kikiwa lishe, ni wanga, apime kiasi chake kama anavyopima ugali.

Kila mwaka marando yananikaukia kiangazi. Nifanyeje?

Hapa ndipo miradi mingi imefia. Marando yanagawiwa kwa sherehe, watu wanavuna, wanafurahi, kiangazi cha Juni hadi Oktoba kinapita, mvua ikinyesha hakuna hata shina. Mwaka unaofuata wanasubiri gari. Aliye karibu na bonde lenye maji hupanda kitalu kidogo kule na kukimwagilia. Kwa asiye na bonde ipo njia ya beseni la mchanga, na nimeiona ikifanya kazi mahali pakavu kweli.

Wakati wa kuvuna, chagua viazi 40 hadi 50 vidogo kiasi, kutoka mashina yenye afya, visivyo na tundu la mdudu wala jeraha. Usivioshe, pangusa udongo tu. Chukua beseni la plastiki, tandika gazeti chini, weka mchanga mkavu uliopoa. Panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga safu ya pili, maliza kwa mchanga wa kina cha vidole vitatu au vinne. Weka ndani ya nyumba penye ubaridi, mbali na kuku na panya. Kila mwezi pekua, toa kilichooza.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, toa viazi vilivyochipua, uvipande bustanini karibu na nyumba, zungushia miiba, na umwagilie kila baada ya siku tatu au nne kwa maji ya kuoshea vyombo. Mvua ikifika utakata marando zaidi ya elfu moja kutoka beseni lile moja. Mara ya kwanza nilipoona kitalu hicho, kilikuwa kibichi peke yake katika uwanja ambao kila kitu kingine kilikuwa rangi ya vumbi, na mbuzi wote wa kijiji walikuwa wamesimama kwenye ule wigo wa miiba.

Majani yamejikunja na kudumaa. Kuna dawa?

Hakuna. Ni virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari. Ng'oa shina hilo, lifukie au lichome, na usikate rando kutoka shamba hilo hata kama mengine yanaonekana mazima. Kwa fukuzi, yule mdudu anayetoboa viazi na kuviacha vichungu, pandishia udongo matuta yakipasuka, vuna kwa wakati, na usirudie viazi sehemu ile ile msimu unaofuata.

Vina soko?

Karibu na mji, ndiyo. Waokaji hutumia rojo la viazi lishe badala ya sehemu ya ngano kwenye mkate, maandazi na chapati. Rwanda wametengeneza hata biskuti. Kijijini mbali na barabara, panda vya kula kwanza, kwa sababu viazi havisubiri mnunuzi.

Nimepewa mafungu mawili tu ya marando. Nianzie wapi?

Usisubiri. Yaweke kivulini, yafungwe kwenye gunia lenye unyevu, na yapandwe ndani ya siku mbili. Kata vipande vya urefu wa sentimita 25 hadi 30, fukia theluthi mbili ardhini, sentimita 30 kati ya shina na shina. Yapande pale maji ya kuogea yanapopita, nyuma ya jiko, mahali utakapopaona kila asubuhi. Msimu huu usile mengi, zidisha mbegu. Baada ya miezi mitatu na nusu chimba shina moja, pasua kiazi uone rangi, chemsha, mpe mtoto. Marando yatakayozidi mpe jirani, ili ya kwako yakikauka ujue pa kwenda kuomba.